Chumo la Halali na Tamaa ya Utajiri wa Haraka

Katika Sura Al-Baqara (2:276) Mwenyezi Mungu ameihalalisha biashara na kuiharamisha riba. Na katika Sura Al-Maida (5:91-92) ameitaja kamari pamoja na ulevi, akaeleza na sababu ya kuikataza, ya kuwa huleta uadui baina ya watu na huwazuia wasimkumbuke Mungu wala wasisali. Ndugu msomaji, baina ya biashara iliyohalalishwa na kamari iliyokatazwa limesimama swali ambalo vijana wetu wengi hujiuliza siku hizi: Je, niache kazi yangu ya mshahara, nikae na simu kutwa nikinunua na kuuza bei za fedha za kigeni na za dhahabu, yaani ile iitwayo foreksi?

Tulitazame swali hili kutoka Kagongwa, mji wa mpunga ulioko katika barabara itokayo Isaka kwenda Kahama. Huko kuna mashine za kukoboa na maghala ya mchele; na mbele yake, kuelekea Kahama na Geita, kuna nchi ya dhahabu. Kijana aliyeajiriwa kuandika hesabu za magunia husikia kwamba mwenzake amepata kwa usiku mmoja mshahara wa mwezi mzima. Habari za usiku uliofuata hazimfikii, kwa maana mtu hutangaza pato lake na kuficha hasara yake.

Kwanza yatupasa tuseme kwamba Uislamu hauidharau biashara. Hadhrat Abdur Rahman bin Auf r.a. alipohamia Madina bila mali, ndugu yake wa Kiansari alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Akamwombea baraka, kisha akataka aonyeshwe njia ya sokoni. Akaanza kwa jibini na samli, na baadaye akawa tajiri mkubwa. Wala ajira si mlinzi wa milele. Mgodi wa Buzwagi, karibu na Kahama, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009, na uzalishaji wake ukafikia mwisho mwaka 2021. Waliofikiri mshahara ndio mruzuku wao waliona kwamba Mruzuku ni Mungu peke yake. Basi kuacha kazi ili kufanya biashara si dhambi. Lililo lazima ni kuuliza: Biashara hiyo humpa nini yule ninayeuziana naye?

Mfanyabiashara wa Kagongwa hununua mpunga kwa mkulima, akaukoboa, akausafirisha mpaka Mwanza au Dar es Salaam. Mkulima apata fedha, mwenye mashine apata ujira, mwenye lori apata nauli, na mama wa mjini apata mchele wa kupika. Kila aliyeguswa na biashara ile aliondoka na kitu. Huku ndiko kuridhiana kunakotajwa katika Sura An-Nisa (4:30), ambamo tumekatazwa kula mali zetu baina yetu kwa njia ya batili.

Huenda mtu akasema: "Mbona mkulima naye hubahatisha mvua, na mchimbaji mdogo hajui kama duara lake litatoa mawe matupu?" Ni kweli, hatari imo katika kila kazi. Lakini mvua ikinyesha, jirani zangu wote huvuna pamoja nami. Na dhahabu ikitoka, imeongezeka duniani mali ambayo jana haikuwako. Mwenye simu hanunui dhahabu yo yote. Haishiki, haihifadhi, wala hana nia ya kuipokea. Ameweka fedha tu kwamba bei itapanda au itashuka, na kila shilingi aipatayo imetoka mfukoni mwa mwingine aliyekisia kinyume chake, huku dalali akichukua sehemu yake kwa wote wawili. Mtume s.a.w. alikataza kuuza kitu usichokuwa nacho, na akaamuru dhahabu na fedha zibadilishwe mkono kwa mkono. Mwenye akili na aone hekima yake.

Tena yuko adui mwingine, naye ni mkopo. Kampuni nyingine humruhusu mtu mwenye shilingi 100,000 kushika mkataba wa thamani mara 500 ya fedha zake, yaani shilingi 50,000,000. Bei ikienda kinyume chake kwa sehemu mbili tu katika elfu moja, zile 100,000 zote zimekwisha, na huenda hata chai yake haijapoa. Akiacha mkataba wazi usiku, mara nyingi hutozwa riba. Wengine hujitetea kwamba ziko akaunti zinazoitwa za Kiislamu, zisizo na riba hiyo. Lakini kuondoa riba katika kamari hakuifanyi kamari kuwa biashara.

Na matokeo yake si siri. Mwaka 2018 mamlaka ya Umoja wa Ulaya inayosimamia masoko ya mitaji ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida katika mikataba ya namna hii hupata hasara. Huko Brazil wataalamu walichunguza watu walioanza kununua na kuuza mikataba ya bei za hisa kila siku kati ya mwaka 2013 na 2015. Katika wale waliodumu zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipoteza fedha, na asilimia 1.1 tu ndio waliopata zaidi ya kima cha chini cha mshahara wa nchi ile. Anayeacha mshahara Kagongwa kwa ajili ya hayo ameacha nini, na amekwenda kutafuta nini?

Sasa utazame uongozi wa Mtume s.a.w. Mtu mmoja wa Kiansari alimjia akiomba. Nyumbani mwake mlikuwa na blanketi na bakuli tu. Mtume s.a.w. akavinadi kwa dirham mbili, akamwamuru anunue chakula cha jamaa zake kwa dirham moja, na kwa ya pili anunue shoka. Akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamtuma akate kuni na asionekane kwa siku 15. Mtu yule akarudi na dirham kumi. Ndugu msomaji, ona utaratibu ule! Kwanza chakula cha watoto, kisha mtaji; na mtaji wenyewe ni chombo cha kazi, wala si dau.

Kwa hiyo, wewe unayefikiri kuacha kazi, usiiache kwa ajili ya kubahatisha bei. Ukitaka biashara, anza kwa akiba yako, si kwa mkopo wala kwa ada ya shule ya mwanao. Nunua magunia machache ya mpunga, ujifunze jioni na siku za mapumziko, na mshahara uuache pale tu biashara yenyewe itakapokwisha kulilisha jiko lako. Usiseme, "Nitaswali Istikhara". Istikhara huombwa kwa mambo ya halali, wala haiombwi ili Mungu aibariki kamari. Na wewe uliyekwisha poteza, usiifuate hasara kwa fedha nyingine. Simama hapo ulipo, mwambie mkeo ukweli, na uanze kulipa madeni kidogo kidogo.

Jiulize pia: Saa ya Ijumaa, bei inaporuka, moyo wangu utakuwa msikitini au katika simu? Sura Al-Jumua (62:10-11) inatuamrisha kuacha biashara Sala inapoadhiniwa, na ikiisha Sala tutawanyike tukatafute fadhili za Mungu. Na Mwahmadi anapotoa chanda yake, hutoa sehemu ya chumo lake kwa ajili ya dini ya Mungu. Je, atapeleka mbele Yake machozi ya mtu mwingine aliyepoteza?

Mwenyezi Mungu atujalie riziki ya halali, kidogo chenye baraka kuliko kingi kisicho na amani, na atulinde sisi na watoto wetu na tamaa. Amin.