Motokaa ya Kale na Safari ya Kwanza

Fedha humbadilisha mwenye mali kwa dakika moja, lakini mali yenyewe hubaki mahali ilipo mpaka ichukuliwe. Kwa kitu kidogo, kama kalamu au saa, jambo hili halina uzito. Mnunuzi hukitia mfukoni akaenda zake. Kwa motokaa ya kale iliyonunuliwa mbali, hapo katikati ya kununua na kufikisha hukaa swali la maadili. Je, mnunuzi aiendeshe mpaka nyumbani, au aibebeshe juu ya lori kama mzigo?

Mfano ulio karibu ni Peugeot 404. Motokaa ya aina hii ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1960, na katika Afrika Mashariki ilipata sifa kubwa iliposhinda mashindano ya Safari mwaka 1963, na tena mwaka 1966, 1967 na 1968. Si ajabu basi kuwa wako watu wanaoitafuta hata leo. Na tuseme mkaazi wa Dar es Salaam ameipata moja Mbeya, imekaa bandani miaka mingi, rangi yake ingali njema, na injini yaitika ufunguo unapozungushwa. Mbele yake ziko kilomita zaidi ya 800.

Wako wasemao na aiendeshe. Hoja yao si hafifu. Chombo hupata heshima kwa kazi kilichoundiwa. Jahazi lililopandishwa nchi kavu ni mbao tu, na motokaa iliyofungwa juu ya lori ni chuma tu. Tena mwenye chombo hujifunza njiani sauti yake, nguvu zake na udhaifu wake, na elimu hiyo hainunuliki. Watu hawa hutoa ushahidi wa Bertha Benz, ambaye mwezi wa Agosti mwaka 1888 aliondoka Mannheim, Ujerumani, pamoja na wanawe wawili, katika motokaa ambayo haijapata kusafiri mbali, akafika Pforzheim, mwendo wa kilomita 100 hivi. Kwa safari hiyo ilidhihirika kuwa motokaa si mchezo wa karakana.

Ushahidi huo ni wa kweli, ila aghalabu hausomwi wote. Njiani mbao za breki zilipochakaa, mama huyo alisimama kwa fundi wa viatu, zikapigiliwa ngozi. Ujasiri wake haukumsahaulisha breki. Zaidi ya hayo, alikwenda polepole katika njia za farasi na mikokoteni, wala hakukutana na basi lililojaa abiria.

Barabara itokayo Mbeya haifanani na hiyo. Huteremka mlima wa Kitonga, mkoani Iringa, kwa kona kali. Hukata Hifadhi ya Mikumi, ambamo tembo na twiga huvuka bila kuuliza ruhusa. Huchukua malori ya shehena yaendayo Zambia na Kongo. Na kando yake hutembea watoto watokao shule. Katika barabara hiyo motokaa iliyolala miaka mingi hutaka kuingia na maradhi ambayo macho hayayaoni. Tairi laweza kuwa na meno marefu nalo limekwisha, kwa maana mpira huzeeka na kupasuka hata usipotembea. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa. Yakipashwa moto na mteremko mrefu huchemka, na mguu hukanyaga utupu. Mipira ya rejeta hukauka. Kutu ya tangi huziba kabureta. Mnunuzi hutazama rangi, na rangi haisimamishi motokaa.

Hapa ndipo kilipo kiini cha swali. Mtu ana haki ya kuhatarisha mali yake, na pengine hata nafsi yake, wala si kila hatari ni upumbavu. Walakini mtoto anayevuka barabara hakushauriwa bei, hakushiriki furaha ya ununuzi, wala hakukubali kuwa kipimo cha breki za mtu mwingine. Bandani motokaa ni ya mwenyewe. Barabarani ni jambo la watu wote. Ushujaa ambao gharama yake hulipwa na jirani hauna haki ya kuitwa ushujaa. Ni ubadhirifu wa mali isiyokuwa ya mtu.

Yamkini atatokea mwenye kusema kuwa kukodi lori ni ghali, na kwamba maadili haya ni anasa ya wenye nacho. Neno hilo lastahili jibu. Ufukara waweza kuwa udhuru wa kuchelewa. Hauwezi kuwa udhuru wa kudhuru. Asiye na fedha ya lori hakulazimishwa kuondoka leo. Mbeya wako mafundi. Na abadilishe matairi, atoe mafuta ya breki ya zamani atie mapya, asafishe tangi, aijaribu motokaa karibu na mji siku kadhaa, kisha asafiri mchana kwa mwendo wa adabu. Kwa hiyo kosa halimo katika kuendesha. Limo katika kuendesha kabla ya kujua.

Wala mwenye kukodi lori asidhani kuwa amenunua wema pamoja na usafiri. Mzigo uliofungwa ovyo ni hatari kama breki mbovu, na dereva wa lori ni mtu mwenye haki ya ujira kamili na ya kupumzika. Tena motokaa ikifikishwa salama, ikafungiwa daima ili wageni waitazame, basi wale waliosema chombo ni kazi yake watakuwa wameonewa. Lori ni daraja. Daraja halijengwi ili mtu akae juu yake.

Mapenzi ya kitu cha kale hujulikana kwa subira. Motokaa iliyovumilia bandani miaka hamsini haitakufa kwa kungoja majuma mawili zaidi; na mnunuzi asiyeweza kungoja majuma hayo hajaipenda motokaa bado, amependa kuonekana ndani yake.