Maumivu Yasiyo na Jina

Mwaka wa pili sasa viungo vinaniuma: magoti, viwiko, vidole. Asubuhi hata kalamu haishikiki. Vipimo vya damu havionyeshi kitu. "Huna ugonjwa, kijana," daktari kaniambia. Mama naye akiniona naweka jembe chini, ananyamaza. Je, mimi ni mwongo?

Nawafikiria Wamakonde. Mwaka 1952 homa iliwavamia, ikawakunja viungo. Kwa lugha yao ikaitwa chikungunya, yaani kinachokunja. Wataalamu walikuja kulichukua jina hilohilo. Basi kabla kirusi hakijaonekana maabara, wale walikuwa wakijisingizia? Sisemi ndiyo yangu. Naomba kuaminiwa tu wakati natafuta. Jumatatu narudi hospitali. Nimemwomba mama anisindikize, aone ninavyopanda ngazi.