Je, Mahadhi Yana Dini?

Wimbo wa ibada una maneno na una mahadhi. Maneno hayasumbui sana, maana hupimwa kwa Maandiko, na likionekana kosa hurekebishwa. Mahadhi hayasemi lolote linaloweza kupimwa hivyo. Ndiyo maana makanisa ya Afrika Mashariki yameulizana kwa zaidi ya miaka mia moja: tuni iliyochezwa kwenye mavuno au matambiko yaweza kumsifu Mungu, au huingia kanisani pamoja na bwana wake wa zamani?

Karibu na Vwawa, kusini magharibi mwa Tanzania, swali hili ni la tangu enzi za Wajerumani. Mwaka 1899 Wamoraviani walifungua misheni ya Mbozi kwa Wanyiha, na mwanzilishi wake alikuwa Traugott Bachmann. Kadiri alivyokaa na watu na kuzama katika lugha yao, alizidi kuziheshimu desturi alizokuwa amezikataa. Alitafsiri Agano Jipya kwa Kinyiha, likachapishwa mwaka 1913, na akawa miongoni mwa wamisionari wa mwanzo nchini kutaka Wakristo wamwimbie Mungu kwa mahadhi ya kwao. Si ajabu kwamba mfasiri aliliona tatizo mapema, kwa sababu tatizo lenyewe huanzia kwenye ulimi.

Kiswahili chenyewe kinatosha kulionyesha. Mkazo wake hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: BWAna, MUngu, mwoKOzi. Nyimbo nyingi za Kijerumani na za Kiingereza humaliza mstari kwa pigo zito, na silabi ya mwisho ikiangukia hapo, kwaya huimba bwaNA na mwokoZI. Waumini wamezoea hata hawasikii tena. Lakini mwalimu wa kwaya akiandika nota za d, m, s ubaoni na kuwataka waimbaji wasome kwanza maneno bila tuni, tofauti husikika papo hapo: kinywa kinasema hivi, wimbo unataka vile. Katika lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana, hasara huwa kubwa zaidi, maana neno lenyewe laweza kugeuka.

Kwa Wakatoliki swali lilikuwa pia la kisheria. Mwaka 1903 Papa Pius wa Kumi alipiga marufuku ngoma na ala nyingine za kelele kanisani. Padre Stephen Mbunga, mtunzi wa Misa Baba Yetu, aliingia katika sheria hizo hizo. Kitabu chake kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu kilitoka mwaka 1963. Desemba ya mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Mbunga hakuomba huruma kwa ngoma. Alizichukua nyaraka za Kanisa zenyewe akazipima na muziki wa Kibantu, na huo ni ujasiri kuliko kulalamika.

Hata hivyo wapinzani hawakuwa wajinga. Agostino, askofu Mwafrika wa karne ya 4 na ya 5, alikiri kwamba wakati mwingine uimbaji ulimgusa kuliko kile kilichoimbwa, akaliona hilo kuwa dhambi. Kama sauti tupu yaweza kumvuta mtu namna hiyo, basi tuni ya kilabuni yaweza kumrudisha kilabuni akiwa bado kwenye benchi la kanisa. Lamu nako Waislamu walibishana vivyo hivyo Habib Swaleh alipoyapa matari nafasi katika maulidi. Wako waliochukizwa, lakini maulidi yale yalienea pwani nzima.

Hofu hiyo ina ukweli ndani yake, ila imeelekezwa mahali pasipo pake. Mahadhi hayana dini. Yana kumbukumbu, na kumbukumbu hubadilika. Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya katika shule ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, alitunga wimbo wa dini mwaka 1897 kwa mtindo wa sauti nne uliotoka Ulaya. Leo tuni yake ni ya wimbo wa taifa; Mtanzania akiisikia husimama wima, na wala hafikirii Ulaya. Kama mahadhi ya mgeni yameweza kuwa ya nyumbani kiasi hicho, ya nyumbani nayo yaweza kuhama kutoka uwanjani hadi madhabahuni.

Lakini hayahami kwa amri. Tuni moja yaweza kuwa ya mavuno kwa kijiji hiki na ya msiba kwa kile, na mtunzi aliyetoka mbali hawezi kuijua tofauti hiyo kwa kuangalia nota. Kwa hiyo mwenye haki ya kuamua si kamati ya nyimbo peke yake, wala si mgeni anayependa ngoma kwa uzuri wake tu. Ni wale ambao tuni hiyo inawakumbusha jambo. Mwalimu wa kwaya wa Vwawa anayetaka kutunga kwa mahadhi ya Kinyiha au Kinyamwanga aanze kwa wazee: awaimbie, awatazame nyuso, awaulize iliimbwa wapi na lini, ndipo aende ubaoni.