AMANA YA WENGI: JEE, KUTAKA HISABU NI DHANA MBAYA?

Baada ya swala ya alasiri alitujia darasani mfanyikazi mmoja, ambaye amekatwa ada ya chama chake cha wafanyikazi kwa zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa na karatasi ya mshahara mkononi. Akasema: "Shekhe, mkutanoni nilisimama nikataka tusomewe hisabu. Mwenyekiti akanijibu kwamba nina dhana mbaya, na dhana ni dhambi. Watu wakapiga makofi, nami nikaketi kwa haya. Jee, nimekosa?"

Ndugu zangu, swali hili si la mtu huyu peke yake. Yapasa tulipime kwa mizani ya dini na ya akili, tusilipime kwa makofi ya mkutano.

Kwanza tujue fedha hii ni ya nani. Kwa Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 humu Kenya, mwajiri humkata mwanachama ada yake na kuipeleka katika akaunti ya chama. Hata asiyekuwa mwanachama, akiwa anafaidika na mapatano yaliyofungwa na chama, aweza kukatwa. Basi fedha hii humtoka mtu kabla hajaitia mkononi. Ni sehemu ya jasho lake, na kila mwezi ni kibaba kilichopungua katika chungu cha nyumba yake. Anayeipokea si mwenye mali, bali ni amini aliyewekewa.

Wala vyama hivi havikuzuka kwa urahisi. Januari 1947 wafanyikazi wa Mombasa kwa maelfu waliacha kazi kwa kudai ujira wa kuwatosha, na mwaka huo huo kiongozi wao, Chege Kibachia, akakamatwa akapelekwa mbali na mji. Machi 1955 makuli wa bandari ya Kilindini wakagoma tena. Watu walilala na njaa ili mfanyikazi awe na mtu wa kumsemea. Anayekula mali ya chama hali fedha tu, ala na njaa ya wale waliotangulia.

Ama hoja ya dhana, ni kweli kwamba katika Sura ya Al-Hujurat tumekatazwa kudhaniana vibaya na kupelelezana. Lakini tutazame lililokatazwa ni lipi. Kupeleleza ni kufunua sitara ya mtu katika jambo lake mwenyewe, na daftari la chama si sitara ya mtu. Vipi mtu ataambiwa anapeleleza kwa kutaka kusoma daftari lililonunuliwa kwa fedha yake? Tena dhana huzaliwa gizani. Penye hisabu iliyo wazi haina mahali pa kukaa.

Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, ni ya kuandikiana madeni na kushuhudiza. Walioitwa katika aya hiyo si wezi, ni walioamini. Basi ingekuwa kuandika ni kutuhumu, Mwenyezi Mungu asingewaamrisha waumini. Huenda mtu akasema kwamba aya inayofuata yawaruhusu watu wanaoaminiana waache kuandika. Naam, lakini hiyo ni ruhusa ya mwenye mali katika mali yake. Waliokuwapo mkutanoni hawawezi kuitoa kwa niaba ya mwenzao aliyekuwa kazini zamu ya usiku.

Wako wanaosema: "Ametupigania hata tukaongezwa mishahara, akila kidogo, mwacheni." Na wakumbuke habari ya Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa na Mtume (s.a.w.) kukusanya zaka. Aliporudi alitenga fungu la Waislamu, na fungu alilodai kuwa amepewa yeye zawadi. Mtume alighadhibika, akauliza kama angalikaa nyumbani kwa wazazi wake zawadi ile ingalimjia. Kazi njema ina ujira wake uliokubaliwa na watu na kuandikwa. Kinachozidi hapo kwa siri hakiwi halali kwa kuitwa shukrani.

Na hapa pana jambo zito wengi hawalioni. Aliyemwibia mtu mmoja aweza kumwendea akamwomba radhi. Jee, aliyekula mali ya watu elfu tano ataugonga mlango wa nani? Wengine wamehama, wengine wamekufa, na hakuna awezaye kusamehe haki ya mwenziwe. Baada ya vita vya Khaybar mtu alipigwa mshale akafa, watu wakamwita shahidi. Mtume akawaambia kwamba shuka aliyoichukua katika ngawira kabla ya kugawanywa inamwakia moto. Ilikuwa shuka moja tu, lakini ilikuwa ya wengi.

Imebaki hoja moja ya haki. Yasemwa kwamba mwajiri akijua akiba ya chama ni ndogo, atangoja mpaka wafanyikazi waishiwe. Hilo ni kweli, na shauri la mgomo lafaa kufichwa. Lakini kumficha adui si kumficha mwenye mali. Na chama ambacho wanachama wake hawakiamini, mwajiri hana haja ya kujua akiba yake, kwani amekwisha kukishinda.

Basi jawabu letu kwa ndugu yule ni hili: hukukosa. Waliokosa ni waliokupigia makofi ya kukunyamazisha. Sheria ile ile ya 2007 yakilazimu chama kuweka vitabu vya hisabu na kupeleka taarifa kwa Msajili kila mwaka. Rudi mkutanoni, uulize kwa adabu: kimeingia kiasi gani, kimetoka kiasi gani, na stakabadhi ziko wapi? Usimtaje mtu kwa wizi usioujua. Na wewe kiongozi, ukiwa mwaminifu, furahi unapoulizwa, kwani daftari lako litakushuhudia utakapokuwa huna ulimi.

Nasi tulio katika kamati za misikiti na madrasa, tusicheke. Tujiulize ni lini mara ya mwisho tuliwasomea watu hisabu ya sanduku.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wanaozirejesha amana kwa wenyewe. Amin.