Salama kwa Nani?

Ukimuuliza fundi volti ngapi ni salama kwa prosesa ya zamani unayotaka kuiongezea kasi, atakutajia namba. Lakini namba hiyo tayari imejibu maswali mengine ambayo hukuyauliza: salama kwa muda gani, na kwa nani?

Chukua Core 2 Quad Q6600 ya mwaka 2007. Intel waliitoa ikiwa na kasi ya 2.4 GHz, na nyaraka zao zinaweka ukomo wa volti za kazi kwenye 1.5, juu ya hapo hawaahidi utendaji wala uhai mrefu. Watundu wa kompyuta waligundua mapema kwamba inaweza kufikishwa 3.6 GHz, mradi uiongezee volti na uipoze vizuri. Kwetu Kisarawe hii si historia. Kompyuta zilizostaafu kwenye ofisi za ng'ambo hushuka bandarini Dar es Salaam, hupita Kariakoo, kisha hupanda vilima vya Pugu hadi kwenye steshenari zetu na vyumba vya wanafunzi. Mtu anayehariri video na hana pesa ya mashine mpya ana sababu ya haki ya kuikamua ya zamani.

Ila kukamua kuna gharama. Joto la prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini hupanda kwa mraba wa volti. Ukitoka 2.4 hadi 3.6 GHz kwa kupandisha volti kutoka 1.25 hadi 1.45, umepata ongezeko la nusu ya kasi na umezalisha joto karibu mara mbili. Humo ndani, elektroni zinazopita husukuma atomi za nyaya nyembamba mno, kidogo kidogo, mpaka waya upate pengo. Mwaka 1969 mhandisi James Black alionyesha kwamba mkondo ukiongezeka maradufu katika waya uleule, maisha ya waya hushuka hadi kama robo, na joto huyafupisha zaidi.

Hakuna kinacholipuka, na hapo ndipo penye hatari. Mashine hufanya kazi leo, kesho, hata mwaka mzima. Kisha kasi ileile huanza kudai volti zaidi. Ukiipa, unaharakisha kilekile kilichoifanya idai.

Wapo watakaosema: ni mali yangu. Prosesa isiyotumika nayo hufa, tena jalalani. Bora ife ikifanya kazi. Hoja hii ni nzuri, na ingetosha kama kompyuta ingefia mikononi mwangu. Lakini hapa kompyuta haifi kwa mtu wa kwanza. Nikimaliza shahada nitaiuza, na atakayeinunua huenda ni mdogo wetu wa chuo anayetegemea kuandikia utafiti wake. Ataona kasi. Miaka iliyokwisha kuliwa hataiona.

Kisarawe tunalifahamu deni la namna hii. Mkaa uliotoka misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ulipika ugali wa kweli na kulipa ada za kweli. Siwezi kumtukana aliyekata mti ili mwanawe asome. Hata hivyo, aliyekula faida na atakayekosa msitu si mtu mmoja. Na msitu angalau huacha visiki. Mpita njia akiviona anajua kilichotokea. Prosesa haina kisiki. Anayejua ni yule tu aliyepandisha volti, na kwa hiyo wajibu wa kusema ni wake peke yake.

Ndiyo maana naona ukomo uko wa aina mbili. Wa kwanza ni wa fundi: kaa chini ya 1.5, panda hatua ndogo ndogo, chunga joto, na kumbuka kwamba Q6600 nyingi hufika 3.0 GHz kwa nyongeza ndogo ya volti au bila nyongeza kabisa. Wa pili ni wa mwenye mali: usipite volti ambazo utaona haya kumtajia mnunuzi usoni. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema. Basi bandika karatasi ndani ya kasha: kasi gani, volti ngapi, tangu lini. Mnunuzi akiisoma ataomba punguzo. Mpe. Hiyo ndiyo gharama ya kasi uliyoitumia wewe, na si haki ailipe yeye.