Ni Jino Tu!



Liko neno fupi ambalo husemwa kila siku katika nyumba zetu za Kisii na Nyamira, na mara nyingi anayelisema hana ubaya wowote moyoni. Neno lenyewe ni "tu". "Ni jino tu, litapoa." "Amekaa anafuma tu." "Hizo ni mboga tu, utazichuma baadaye." Si tusi, wala hakuna wazee watakaoitwa kuamua kesi kwa sababu yake. Hata hivyo, ukimuuliza polepole mtu anayesema kwamba siku hizi hapendwi nyumbani kwake, mara nyingi utalikuta neno hili chini kabisa ya malalamiko yake.

Swali ninaloomba tulitafakari pamoja ni hili: Nani ana haki ya kusema kwamba maumivu ya mtu, au kazi yake, ni kitu kidogo? Je, ni yule anayetazama, au ni yule anayebeba?

Tuchukue mfano wa kawaida. Mama mmoja ameumwa na gego kwa majuma mawili. Asubuhi anapanda matatu kwenda Kisii mjini, daktari wa meno anamdunga sindano ya ganzi na kuling'oa. Saa kumi na moja jioni yuko nyumbani. Ganzi imekwisha. Mbwa anamzunguka miguuni akitaka chakula, ng'ombe hajakamuliwa, na chinsaga ya chakula cha usiku ingali shambani. Baba watoto anarudi kutoka kwenye majani chai, anamtazama, kisha anasema, "Pole, mama watoto. Lakini si ni jino tu? Leo tutakula nini?"

Tusiwe na haraka ya kumhukumu mume huyu. Amesema pole. Haoni bandeji, haoni damu, na mkewe amepanda mlima kwa miguu yake mwenyewe kutoka barabarani. Kama angerudi na mguu uliofungwa plasta, mume huyu angekuwa wa kwanza kuita majirani, na dada zake wangekuja kupika. Kosa lake ni kwamba ameamini macho yake kuliko kinywa cha mkewe.

Sasa tuulize, jino lililong'olewa ni nini hasa? Ni kidonda kilichofika kwenye mfupa. Katika shimo lile hujitengeneza donge la damu, na donge hilo ndilo kifuniko cha kidonda. Ndiyo maana daktari humwambia mgonjwa aume pamba au kitambaa safi kwa muda, asisukutue kinywa siku ile ya kwanza, asiteme mate kwa nguvu, asivute sigara, asinywe kwa mrija, wala asinywe chai ya moto. Kuanzia siku ya pili anaweza kusukutua taratibu kwa maji vuguvugu yenye chumvi kidogo. Kuinama shambani au kubeba mtungi wa maji mapema kunaweza kurudisha damu. Donge lile likitoka kabla ya wakati wake, mfupa hubaki wazi, na maumivu huzidi siku chache baadaye, wakati ambapo kila mtu nyumbani alifikiri mgonjwa amepona. Hapo, au akiona uvimbe unaoongezeka, homa, au damu isiyokoma, inampasa kurudi kwa daktari bila kuchelewa.

Wala jambo hili si la watu wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila watatu hapa Kenya ana meno yaliyooza. Basi ni nyumba chache ambazo jioni kama ile haitafika siku moja.

Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Maumivu hayana dirisha la kuchungulia. Mke hawezi kumpa mumewe maumivu yake ayashike mkononi apime uzito. Anachoweza kumpa ni neno lake: "Naumwa." Mume naye ana njia mbili peke yake, kuliamini neno hilo au kulikataa. Kwa hiyo kila mara mwenzako anapokuambia anaumwa, anakuomba mambo mawili kwa pamoja. Anaomba msaada, na anaomba aaminiwe. Unaweza kumpa uji na bado ukamnyima lile la pili.

Sisi Wagusii tuna mfano mzuri katika historia yetu wenyewe. Jamii yetu ilijulikana mbali kwa ababari, wale wataalamu wa jadi waliopasua ngozi ya kichwa na kukwangua fuvu la mtu aliyeteswa na maumivu ya kichwa baada ya kupigwa au kuanguka. Simwambii mtu yeyote leo aache hospitali akatafute upasuaji wa namna hiyo. Ninalotaka tuone ni jambo moja. Maumivu ya kichwa hayaonekani. Mtu angeweza kutembea, kula na kuzungumza, huku akisema kichwa kinampasuka. Wazee wetu hawakumwambia, "Ni kichwa tu." Walilichukua neno lake kuwa kweli kiasi cha kuita mtaalamu na kisu chake. 

Kanisa nalo halikulidharau jino. Wakristo wenye maumivu ya meno wamekuwa wakimwomba Mtakatifu Apolonia, shahidi wa Aleksandria aliyevunjwa meno na watesi wake mwaka 249, naye hukumbukwa tarehe 9 Februari.

Tumtazame sasa mbwa wa nyumba hiyo. Siku mbwa anapolala chini ya ghala na kukataa chakula, nyumba nzima huulizana. "Simba ana nini leo?" Mtoto humletea maziwa. Baba humshika sikio aone kama lina joto, kisha huuliza kama kuna aliyempiga jiwe. Hata paka akichechemea, tunamwinua mguu tutafute mwiba. Wanyama hawa hawajasema neno, nasi tumewaamini. Ni jambo jema, na mtoto anayejifunza kumhurumia paka anajifunza kitu kikubwa. Lakini ni ajabu kwamba mnyama asiye na ulimi anaaminiwa upesi, na mtu mwenye ulimi, aliyeunganishwa nasi mbele ya altare, anatakiwa alete ushahidi.

Nadhani sababu ni hii: mbwa akiugua hatupunguziwi kitu jioni ile. Mke akiugua, kuna kazi ambayo lazima ihamie mikononi mwa mwingine. Hapo ndipo neno "tu" huzaliwa. Mara nyingi tunaposema maumivu ya mwenzetu ni madogo, tunaogopa kazi itakayotuangukia.

Na kazi zenyewe, je, ni ndogo? Huku kwetu milimani majani chai yana mizani. Karani wa kituo huyapima, huandika kilo, na mara moja kwa mwaka bonasi huja na kila mtu nyumbani hujua baba na mama walifanya nini. Bustani ya mboga haina mizani. Chinsaga lazima ichumwe kila baada ya siku chache na maua yake yakatwe, la sivyo itakimbilia kutoa mbegu na majani yatakwisha. Ikichumwa, majani lazima yachambuliwe moja moja, yachemshwe kwa muda mrefu, tena yatiwe maziwa ili uchungu upungue. Sahani moja huliwa kwa dakika kumi, nayo imekula saa kadhaa za mtu. Rinagu ni vivyo hivyo. Hakuna karani aliyekuja kuandika saa hizo.

Kufuma ni hivyo hivyo. Katika baridi ya asubuhi ya Nyamira mtoto huenda shule na sweta, na sweta ile imefumwa jioni nyingi, safu baada ya safu, baada ya vyombo kuoshwa. Ukikosea kuhesabu, unafumua na kuanza upya. Lakini kwa kuwa mfumaji ameketi, watu husema anapumzika. Tena mama aliyeng'olewa jino akionekana kesho yake ameketi kivulini na sindano zake mbili, jirani atasema, "Kumbe amepona, anafuma!" Hajapona. Amechagua kazi isiyomfanya ainame wala abebe mzigo, kwa sababu mikono yake haijazoea kukaa bure. Badala ya kumshukuru, tunaifanya bidii yake kuwa ushahidi wa kumshitaki.

Najua msomaji mwingine atauliza, "Na mwenye kujifanya mgonjwa je?" Ni swali la haki, maana watu wa namna hiyo wapo, wake kwa waume. Hebu tupime hasara. Nikimwamini mwenzangu na kumbe ananidanganya, nimepoteza kazi ya jioni moja. Nimekamua ng'ombe ambaye si zamu yangu. Lakini nikikataa kumwamini na kumbe anasema kweli, nimemfundisha kwamba katika nyumba hii maumivu yake hayana pa kwenda. Ng'ombe atakamuliwa tena kesho, lakini imani ikivunjika namna hiyo yaweza kuchukua miaka kurudi. Tena aliyekosa kuaminiwa mara nyingi atafanya moja kati ya mawili: ataanza kukuza kila maumivu ili asikike, au atanyamaza kabisa. Kwa hiyo kutoamini ndiko kunakoweza kuzaa hao wanaojifanya.

Anayeumwa naye ana wajibu wake. Wako akina mama wanaofikiri uvumilivu ni kusema "niko sawa" huku wameshika shavu, kisha wanaweka kinyongo kwa kuwa hakuna aliyejua. Na wako akina baba wanaoogopa kuchekwa wakisema jino linawauma, kwa sababu walifundishwa kwamba mwanamume hulia moyoni. Mume huyo hatalia, lakini atawapigia kelele watoto siku tatu. Mwenzako si mganga wa kupiga ramli. Mwambie ukweli jinsi ulivyo, usiongeze na usipunguze.

Lipo pia gumu zaidi. Huenda jioni ile mume naye mgongo unamuuma kwa kuinama katika majani chai tangu alfajiri. Nani atamhudumia mwenzake? Hapa wengi huanza mashindano ya kuumwa, na mashindano hayo hayana mshindi. Kwa kuwa hakuna mizani ya kupimia mgongo wa huyu na taya la yule, acheni kupima. Ulizaneni swali jingine: "Ni kazi gani leo haiwezi kungoja?" Ng'ombe hawezi kungoja. Mbwa atakula ukoko. Chinsaga yaweza kungoja hadi kesho, na usiku mmoja wa uji wa wimbi uliopoa kidogo hautamuua mtu. Tena kwa mwenye kidonda kinywani ndio chakula bora.

Wapendwa wana ndoa, natoa mashauri manne.

Kwanza, mwenzako akisema anaumwa, jibu lako la kwanza liwe swali la kumsaidia: "Nikufanyie nini?" Swali la kumpima, "Kwani inauma namna gani?", litafuata baadaye kama lina haja.

Pili, mmoja wenu akienda kwa daktari, mwingine ayajue maagizo aliyopewa. Mgonjwa mwenye maumivu husahau, na watoto hawawezi kumzuia mama yao asiinue mtungi.

Tatu, kila mmoja afanye kazi ya mwenzake angalau siku chache kwa mwaka, bila kungoja ugonjwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mume aliyechambua chinsaga jioni moja hatasema tena "ni mboga tu", na mke aliyebeba kikapu cha majani chai hadi kituoni naye atajua kitu.

Nne, wafundisheni watoto, wavulana kwa wasichana, kulisha mbwa, kumwagilia bustani na kupika uji. Nyumba ambayo kazi yote inajulikana na mtu mmoja, ikifika siku ya mtu huyo kuumwa haina la kufanya ila kumkana maumivu yake.

Wala sisemi tulifute neno "tu" katika lugha yetu. Lina mahali pake. Mama mwenye kidonda akimwambia mumewe, "Usihofu, ni jino tu, kesho kutwa nitakuwa mzima," amesema neno la ushujaa na la kumtuliza mwenzake. Mume aliyekamua, akapika na kulaza watoto akisema, "Usinishukuru, ni kazi ya jioni moja tu," amesema neno la upendo. Anayebeba mzigo anaruhusiwa kuuita mwepesi. Sisi tunaotazama kazi yetu ni kuamini na kumtua.

Leo usiku, kabla ya kuzima taa, muulize mwenzako: "Ni jambo gani lako ambalo mimi huliita dogo?" Kisha unyamaze umsikilize mpaka amalize.