Je, Mtazamaji Ana Sehemu Katika Maumivu ya Mchezaji?



Vijana wengi wa hapa Bugomora hufuata mpira, na siku ya Simba na Yanga hata mzee aliyekwenda kugeuza kahawa yake juani hurudi upesi. Lakini wako wachache kati yetu, na sisi tunaoandika tumo, ambao hufuatilia mchezo mwingine usiochezwa huku hata kidogo. Ni mashindano ya mazoezi ya viungo, ambayo magazeti huyaita jimnastiki. Wachezaji tunawajua kwa majina, alama zao tunazikumbuka, na ifikapo Michezo ya Olimpiki tunakesha. Tanzania haijawahi kupeleka mchezaji wa jimnastiki huko. La karibu tulilo nalo ni halaiki ya watoto wa shule katika sikukuu za taifa, na sarakasi waliyoileta vijana waliopelekwa China kujifunza miaka ya 1960. Basi si bendera yetu tunayoishangilia. Tunashangilia nini?

Swali hili tuliulizwa baada ya ibada. Mama mmoja alichungulia kwenye simu ya kijana wake, akamwona binti akianguka vibaya, akauliza kama mama wa yule binti alikuwapo uwanjani. Hakuna aliyeweza kumjibu. Tangu siku hiyo tumelizungumza jambo hili mara nyingi, na tumeona vema tuliandike.

Kwanza tuseme wazi kwamba mchezo huu ni mzuri. Msichana husimama juu ya boriti yenye upana wa sentimeta 10 tu, iliyoinuliwa kutoka chini zaidi ya mita moja, akageuka hewani miguu juu kichwa chini, akarudi juu ya boriti ile ile kama mtu anayeshuka ngazi ya nyumbani kwake. Mtu akitazama na asiseme neno, labda hakutazama. Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo juu ya kuuzoeza mwili, neno la Kigiriki alilotumia ndilo lililozaa jina la mchezo huu. Aliona faida yake ni ndogo ukiilinganisha na ya utauwa, lakini hakusema kwamba haina faida. Kwa hiyo hatukubaliani na wale wanaosema kwamba kutazama ni upuuzi mtupu.

Lakini yule mama hakuuliza juu ya uzuri. Aliuliza juu ya gharama, na nani anailipa.

Mwaka 1976 huko Montreal, katika michezo ambayo Tanzania ilisusia pamoja na nchi nyingi za Afrika kwa ajili ya mambo ya Afrika Kusini, Nadia Comaneci wa Romania alipata alama 10 kamili, na ubao wa alama ukaonyesha 1.00 kwa kuwa haukutengenezwa kwa 10. Alikuwa na miaka 14. Dunia ilipiga makofi, na ni haki. Ila tangu hapo waliotafutwa walikuwa wadogo na wepesi zaidi, hata ikabidi umri wa chini upandishwe kufika miaka 16, kuanzia 1997.

Kisha yuko Elena Mukhina, bingwa wa dunia wa mwaka 1978, raia wa Urusi ya Kisovieti. Alivunjika mguu, akarudishwa mazoezini kabla haujapona vema, maana Olimpiki ya Moscow ilikuwa inakaribia. Julai 1980, wiki mbili tu kabla ya ufunguzi, alianguka akijizoeza mruko wa hatari, akavunjika shingo. Alikuwa na miaka 20. Hakutembea tena hadi alipofariki mwaka 2006, na mruko ule ulikuja kukatazwa kwa wanawake. Sisi tunaikumbuka Moscow kwa medali mbili za fedha, ya Filbert Bayi na ya Suleiman Nyambui, na tutaendelea kuzifurahia. Lakini mwezi ule ule binti huyu alikuwa amelala kitandani, na michezo ilifunguliwa bila yeye.

Tunakuja sasa kwenye jambo lililotugawa. Julai 2021, huko Tokyo, Simone Biles wa Marekani, aliyekuwa ameshinda dhahabu nne mwaka 2016, aliruka mara moja katika fainali ya timu, akapotea hewani, asijue juu ni wapi na chini ni wapi. Alitua kwa miguu, akajitoa. Timu yake ikapata fedha badala ya dhahabu. Wengi walimwita mwoga. Na hapa kwetu mzee mmoja aliuliza swali ambalo si la kupuuza: je, John Stephen Akhwari alijitoa?

Kila Mtanzania anaijua habari ya Akhwari wa Mbulu. Mexico, mwaka 1968, alianguka katika mbio za marathoni, akaumia goti na bega, akafungwa bandeji, akaingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, watu wengi wakiwa wamekwisha kuondoka. Tumewafundisha watoto wetu habari hiyo. Kama yeye ni mfano, huyu aliyeacha ni nini?

Sisi twaona mambo haya mawili hayapimwi kwa mizani moja. Akhwari aliijua ardhi iliyo chini ya mguu wake. Kila hatua aliweza kusimama, na kila hatua alichagua tena kuendelea. Aliye hewani hana nafasi ya kuchagua tena. Akikosea, atatua kwa shingo. Akhwari alitoa goti lake kwa hiari yake. Biles alitakiwa kutoa uti wa mgongo ili sisi tusikose kuona. Mzee yule hakuridhika sana, na alitukumbusha Kerri Strug, binti wa Marekani aliyeruka akiwa ameumia kifundo cha mguu huko Atlanta mwaka 1996, akatua, akainua mguu mmoja, na timu ikapata dhahabu. Je, huyo hakuchagua? Alichagua, lakini kocha wake akimhimiza na uwanja mzima ukingoja, na hesabu zilipopigwa ikaonekana kwamba dhahabu ingepatikana hata bila mruko ule wa pili. Hiari ya namna hiyo tunaiheshimu, ila hatuwezi kuwapongeza waliokuwa wakiidai.

Liko na jambo zito zaidi, nalo tunalisema kwa kifupi kwa sababu watoto nao husoma kurasa hizi. Daktari wa timu ya taifa ya Marekani, aliyefanya kazi pia katika chuo kikuu cha Michigan State, alihukumiwa Januari 2018 kifungo cha miaka 40 hadi 175 kwa kuwatendea wasichana uovu aliouita matibabu. Zaidi ya wanawake na wasichana 150 walisema mbele ya hakimu. Biles naye alitangaza kwamba alikuwa mmoja wa walioumizwa. Miaka yote hiyo sisi tulikuwa tukihesabu medali.

Mtu atasema: aliye Bugomora, akitazama kwa kifurushi cha kukopa, ana uwezo gani juu ya makocha wa Amerika? Hana. Lakini macho anayotazamia huko ndiyo anayorudi nayo nyumbani. Tumewahi kumwona mtoto mwenye homa akisukumwa kukimbia mbio za shule kwa ajili ya jina la shule, na wazazi wakishangilia ukingoni. Hapo uwezo upo, na ni wetu wote tuliosimama pale.

Baadhi yetu siku hizi twapenda zaidi mashindano ya vyuo vikuu kule Marekani. Huko nako wasichana huumia, na wengi wanasoma kwa sababu ya mchezo, lakini kuna kicheko. Katelyn Ohashi, aliyewahi kumshinda Biles mwaka 2013, aliacha njia ya Olimpiki baada ya maumivu mengi, akaenda kuchezea chuo cha UCLA. Januari 2019 alicheza kwenye sakafu na kupata 10, na aliyemtazama aliona wenzake pembeni wakicheza pamoja naye hatua kwa hatua. Biles mwenyewe alirudi Paris mwaka 2024 akiwa na miaka 27, akatwaa dhahabu tatu.

Vijana wetu wana desturi ya kupelekeana picha za watu wakianguka. Wachache wetu tumekubaliana kuzifuta zikifika. Ile ya Ohashi tumeihifadhi, na yule mama aliomba aonyeshwe mara ya pili.